Faili la Kilima cha Nyabusero

Ukurasa wa kwanza: mihuri mitatu,
mmoja umegongwa kichwa chini.
Mwombaji: kampuni. Eneo: hekta nane na nusu.
Bidhaa: changarawe, nyekundu na nyeusi.
Muda: miaka mitano, yenye kurefushwa
kama kamba ya mbuzi wa jirani.

Nasoma na kalamu ya risasi mkononi;
ya wino mkuu wetu huifungia drooni.
Umeme ulikatika saa nne. Dirishani
vijana wanasukuma chukudu, wamepakia kokoto
zilizopewa ruhusa, au zisizopewa.
Jiwe likishapondwa halina cheti cha kuzaliwa.

Ukurasa wa kumi na tisa: "Udongo wa juu,
sentimita arobaini, utakusanywa, utafunikwa turubai,
kisha utarudishwa mahali pake."
Nilicheka peke yangu.
Sentimita arobaini! Huku
ukichomeka njiti ya kiberiti inagonga mwamba.

Ukurasa wa ishirini na mbili una mto.
"Maji ya mto yatapimwa kila baada ya miezi mitatu."
Mto gani? Mimi nimezaliwa Goma,
nimetwishwa bidoni la maji ya ziwa
kabla sijajua kuandika jina langu.
Ungekuwepo mto, shingo yangu ingeujua.
Aliyeandika mpango huu aliiandikia nchi nyingine,
akaja akabadili jina la kilima,
akausahau mto, bado unatiririka
katikati ya aya.

Jumanne nikapanda Nyabusero kwa miguu.
Ramani inasema: ardhi isiyotumika.
Nilimkuta Kyakimwa anang'olea magugu
maharage yake, yamepangwa safu kumi na moja
ndani ya kuta alizozijenga kwa mawe ya moto uliopoa.
"Udongo huu," akasema, hakuinua kichwa,
"nimeubeba. Kule bondeni ulikobaki.
Beseni kwa beseni, tangu moto ulipotushukia.
Niliacha kuhesabu kwenye elfu nne na mia moja,
mwaka niliomzika mume wangu."

Nikatoa daftari, nikamwambia: nitaandika hapana.
Hapo ndipo alipoinua kichwa.
"Hapana ya nani? Kasereka wangu anaponda kokoto hukohuko chini.
Ada ya shule ya wadogo zake inatoka kwenye nyundo ile.
Na wewe, nyumba yako imesimama juu ya nini? Juu ya uji?"
Nikakumbuka msingi wangu: lori mbili,
nyekundu. Sikuuliza zilikotoka.

Sehemu ya saba, kifungu cha mwisho, yaahidi
kuirudisha ardhi katika "hali yake ya awali".
Awali ipi, waheshimiwa?
Ile ya migomba, ambayo mama yangu huisimulia?
Ile ya msitu kabla ya migomba?
Au ile ya usiku mmoja tu,
kilima kikiwa chekundu kuanzia ndani?
Maana moto nao ulichimba na kufukia
bila ombi, bila kiambatisho,
haukuweka dhamana benki hata faranga.
Aliyekarabati baada yake hana kampuni,
ana beseni la bluu, limezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa.

Nimerudi ofisini. Nimeufuta mto.
Pembeni nimeandika: wachimbe upande wa magharibi,
safu kumi na moja zisiguswe, wala kuta zake,
na baruti isilipuliwe saa za shule.
Kwenye jedwali, chini ya "Udongo, mita za ujazo",
nimejaza: beseni 4,100, na zaidi.

Alhamisi faili likarudi, karatasi ya njano imebandikwa:
*Kipimo hakikubaliki. Sahihisha.*

Nikaichonga kalamu taratibu,
maganda yakaanguka juu ya mihuri.
Nikafuta namba, nikapuliza vumbi la kifutio,
nikaandika tena, safari hii kwa maneno,
mwandiko wa darasa la kwanza:
beseni elfu nne na mia moja.
Kichwani.